Kuandaa pendekezo la kurekebisha kodi ya mishahara, ya kampuni na ya mtu binafsi: mwongozo kwa waajiri na wafanyabiashara wa Tanga

Bajeti ikikaribia, vikundi vingi vya wafanyabiashara huandika barua yenye ombi lile lile: kodi zimezidi, tunaomba zipunguzwe. Barua ya namna hiyo haijibiki. Afisa anayeipokea Dodoma hana pa kuishika. Hajui ni kifungu gani kinalalamikiwa, kinamuumiza nani, kwa shilingi ngapi, na Hazina itapungukiwa kiasi gani kikibadilishwa. Pendekezo linalosomwa hadi mwisho ni lile lililokwisha kufanya hesabu hizo. Kazi hiyo inaweza kufanyika Tanga kwa kalamu, daftari na kikokotoo cha simu, mradi kikundi kiwe na watu wanne au watano wenye subira ya tarakimu.

Mwongozo huu unahusu kodi za Tanzania Bara. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, lakini viwango vya makato ya mishahara Zanzibar vina jedwali lake. Mwenye duka Ngamiani na jingine Wete, Pemba, asichanganye karatasi hizo mbili.

Kusanyeni sheria kwanza, malalamiko baadaye

Makato yanayoonekana kwenye karatasi ya mshahara hayatoki katika sheria moja. PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, imo katika Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332. Humo humo mna kodi ya kampuni, kodi ya makadirio ya mfanyabiashara mdogo (inayokokotolewa kwa mauzo) na kodi ya zuio, ile ambayo mlipaji huikata kabla ya kukabidhi malipo. SDL, yaani tozo ya kuendeleza ufundi stadi, imo katika Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, Sura ya 82. Mchango wa NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, uko Sura ya 50 na ule wa WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uko Sura ya 263. Marejesho ya mkopo wa elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yana sheria yake pia.

Ukimwandikia Waziri kwamba "PAYE na NSSF zinachukua robo ya mshahara", umeshampa sababu ya kukuweka kando, kwa kuwa NSSF ni akiba ya mfanyakazi mwenyewe. Tenganisheni mambo haya tangu ukurasa wa kwanza. Tumieni pia toleo la sheria lililofanyiwa urekebu mwaka 2023, pamoja na Sheria za Fedha zilizofuata. Namba ya kifungu mliyoizoea kwenye kitini cha zamani huenda imehama. Na kabla ya kupeleka chochote, kila kiwango kilichotajwa humu kilinganisheni na jedwali la TRA, Mamlaka ya Mapato, la mwaka husika, kwani viwango huweza kubadilika kila tarehe 1 Julai.

Orodha ya mishahara isiyo na majina

Waombeni wanachama orodha za mishahara za mwezi mmoja. Ondoeni majina, namba za simu, TIN (namba ya mlipakodi) na namba za NSSF. Bakizeni kazi, mshahara ghafi na makato tu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kusambaza karatasi ya mshahara wa mtu ni kosa linaloweza kuwarudia, mbali na kwamba ni aibu. Chukueni orodha za shughuli tofauti: hoteli ya Raskazone, karakana ya Chumbageni, ghala la karibu na bandari, shamba la mkonge upande wa Muheza. Orodha zikitoka kwa waajiri wa aina moja, hesabu itasema yanayowahusu hao tu, na msomaji makini ataligundua hilo haraka.

Kisha andikeni hesabu ya mfanyakazi mmoja kwa ukamilifu. Mshahara ghafi ni 600,000, hana posho. NSSF yake ni asilimia 10, yaani 60,000, na hiyo hutolewa kabla ya kodi. Kinachobaki kutozwa kodi ni 540,000. Jedwali la PAYE linasema: hadi 270,000 hakuna kodi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8 ya kinachozidi 270,000, hadi 760,000 ni 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000, hadi 1,000,000 ni 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000, juu ya hapo ni 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi milioni. Kwa hiyo PAYE yake ni 20,000 jumlisha asilimia 20 ya 20,000, sawa na 24,000. Anapokea mkononi 516,000.

Sasa geukeni upande wa mwajiri. Analipa mshahara 600,000, NSSF yake 60,000, WCF asilimia 0.5 sawa na 3,000, na akiwa na wafanyakazi kumi au zaidi, SDL asilimia 3.5 sawa na 21,000. Jumla 684,000. Tofauti kati ya anachotoa mwajiri na anachopokea mfanyakazi ni 168,000. Humo PAYE ni 24,000 tu. NSSF za pande mbili ni 120,000. Hesabu hii inashangaza vikundi vingi, na ni vizuri iwashangaze nyinyi kabla haijamshangaza afisa wa Wizara. Kwa mishahara ya kawaida ya Tanga, kilio cha "PAYE inatumaliza" mara nyingi hakina nguvu kwenye karatasi. Penye nguvu ni mahali pengine, na tutafika.

Kosa la kawaida hapa ni kukokotoa PAYE juu ya mshahara ghafi bila kuondoa NSSF. Jingine ni kuondoa marejesho ya mkopo wa elimu au ada ya chama cha wafanyakazi kabla ya kodi. Hayo hukatwa baada ya kodi, hayapunguzi PAYE. Na mtu mwenye ajira mbili, mwajiri wa pili humkata asilimia 30 moja kwa moja, kwa hiyo msimweke kwenye jedwali la kawaida.

PAYE: njia tatu, matokeo matatu

Chukueni sampuli ya wafanyakazi 20: kumi na wawili wa 400,000, sita wa 600,000 na wawili wa 1,500,000. PAYE ya kila mmoja kwa mwezi ni 7,200 kwa kundi la kwanza, 24,000 kwa la pili na 233,000 kwa la tatu. Jumla ya sampuli ni 696,400. Angalieni vizuri: wale wawili wa juu wanalipa 466,000, theluthi mbili ya kodi yote. Hili ndilo linaloamua kila pendekezo la PAYE, na ndilo linalosahauliwa.

Njia ya kwanza ni kushusha asilimia 8 hadi 7. Wa 400,000 anapata nafuu ya shilingi 900, wa 600,000 anapata 2,500, wa milioni moja na nusu anapata 2,500. Serikali inapoteza 30,800 kwenye sampuli, kama asilimia 4.4.

Njia ya pili ni kupandisha kiwango kisichotozwa kodi kutoka 270,000 hadi 300,000, madaraja ya juu yakibaki mahali pake na jumla zake zikipunguzwa kulingana. Kila mmoja anapata nafuu ile ile, 2,400. Serikali inapoteza 48,000, kama asilimia 6.9.

Njia ya tatu ni kupandisha madaraja yote kwa asilimia 10, hoja ikiwa kwamba bei zimepanda na madaraja hayajasogea tangu Julai 2020. Wa 400,000 anapata 2,160, wa 600,000 anapata 4,560, na wa juu anapata 17,200. Serikali inapoteza 87,680, asilimia 12.6.

Hoja ya bei kupanda ni ya haki, na takwimu zake zipo: Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa fahirisi ya bei kila mwezi. Lakini mkiitumia kwa madaraja yote, nafuu kubwa inakwenda kwa mwenye mshahara mkubwa, na msomaji wenu ataiona. Kwa maoni yetu njia ya pili ndiyo inayoteteeka kwa mji wenye mishahara kama ya Tanga. Inamfikia kibarua wa bandari sawasawa na meneja wake, na ni nyepesi kuikokotoa.

Msiombe makubwa kwa mkupuo mmoja. Historia ya kiwango cha chini cha PAYE inafundisha: kilikuwa asilimia 14, kikashuka hadi 13 mwaka 2013, 12 mwaka 2014, 11 mwaka 2015, 9 mwaka 2016, na 8 mwaka 2021. Wizara hukubali hatua ndogo ndogo zinazopimika. Kuomba asilimia 8 iondolewe kabisa ni kuomba jibu la hapana.

SDL na mfanyakazi wa kumi

Hapa ndipo hesabu inapouma. SDL ilikuwa asilimia 6 hadi mwaka 2013, ikashuka kwa awamu hadi 3.5 Julai 2023. Tangu Julai 2021 inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi; awali ilianzia wanne. Mageuzi yote hayo yalikuwa mema. Tatizo lililobaki ni la umbo: ukifika kumi, tozo haianzi kwa huyo wa kumi, inashika mishahara ya wote.

Karakana ya kuchomelea yenye mafundi tisa wa 600,000 hailipi SDL. Ikimwajiri wa kumi, mishahara inakuwa 6,000,000 na SDL inakuwa 210,000 kwa mwezi, 2,520,000 kwa mwaka. Fundi wa tisa alimgharimu mwajiri 663,000. Wa kumi anamgharimu 873,000 kwa kazi ile ile. Mwenye karakana atafanya nini? Atabaki na tisa, au atamlipa wa kumi pembeni kama kibarua asiyeandikwa. Huyo kibarua akikatika kidole hana WCF, akizeeka hana NSSF. Hasara ya ukingo huu, yaani mruko wa ghafla wa tozo kwa mfanyakazi wa kumi, inawaangukia wanyonge, na Serikali yenyewe haipati ile SDL iliyoikusudia.

Pendekezo la haraka ambalo vikundi hulitoa ni "pandisheni kutoka kumi hadi ishirini". Halitibu, linahamisha ukingo tu, na linaondoa mapato ya waajiri wote walio katikati. Bora ni msamaha unaopungua kidogo kidogo. Andikeni hivi: mwajiri mwenye wafanyakazi tisa au pungufu halipi. Kuanzia kumi, idadi ya wasiohesabiwa ni 18 toa idadi ya wafanyakazi wote. Mwenye kumi hahesabiwi wanane, analipia wawili. Mwenye kumi na mmoja hahesabiwi saba, analipia wanne. Mwenye kumi na wanane analipia wote, na kuanzia hapo hakuna msamaha. Tozo ikokotolewe kwa wastani wa mshahara ili mtu asichague kuwaacha nje wenye mishahara minono.

Kwa karakana yetu, fundi wa kumi ataleta SDL ya 42,000 badala ya 210,000. Kila anayeongezeka ataleta 42,000 nyingine hadi wa kumi na nane, ambapo jumla ni 378,000, sawasawa na sheria ya sasa. Viwanda vya saruji, mashamba makubwa, bandari na benki, wote wanaendelea kulipa kama wanavyolipa. Anayepata nafuu ni mwajiri wa watu kumi hadi kumi na saba, na hao mnaweza kuwahesabu mtaani kwenu. Sentensi inayosema "pendekezo hili haligusi mwajiri yeyote mwenye wafanyakazi 18 na zaidi" iwekeni ukurasa wa kwanza, kwa herufi nzito.

Mfanyabiashara binafsi: kodi ya mauzo na kodi ya faida

Mtu binafsi ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi milioni 100 hutozwa kodi kwa mauzo. Hadi milioni 4 halipi. Mwenye kumbukumbu za biashara, kati ya milioni 4 na 7 hulipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Kati ya 7 na 11 hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Asiye na kumbukumbu hulipa 100,000 katika kundi la kwanza na 250,000 katika la pili. Kuanzia milioni 11 hadi 100 ni asilimia 3.5 ya mauzo yote.

Someni tena maneno "mauzo yote". Mama lishe aliyeuza 10,900,000 na kuweka daftari analipa 207,000. Mwenzake wa meza ya pili aliyeuza 11,100,000 analipa 388,500. Mauzo ya 200,000 zaidi, ambayo faida yake pengine ni 40,000, yameleta kodi ya ziada 181,500. Ni ukingo ule ule wa SDL katika vazi jingine. Dawa yake ni kuandika daraja hili kama yale ya chini yake: 210,000 pamoja na asilimia fulani ya kinachozidi milioni 11. Mkiweka asilimia 3.5, mwenye mauzo ya milioni 100 atalipa 3,325,000 badala ya 3,500,000. Mkiweka 3.7, atalipa 3,503,000, karibu sawa na sasa, na aliye katikati, tuseme milioni 30, atalipa 913,000 badala ya 1,050,000. Pelekeni zote mbili, mseme mnaipendelea ipi na kwa nini.

Suala zito zaidi ni tofauti ya faida. Linganisheni watu watatu. Mwuza unga na sukari kwa jumla sokoni Mgandini anauza milioni 60 na kubakiwa na asilimia 5, yaani milioni 3. Kodi yake ni 2,100,000, asilimia 70 ya faida. Mwenye saluni kubwa anauza milioni 60 hizo hizo, faida yake milioni 36. Kodi ni 2,100,000 vile vile, haifiki asilimia 6 ya faida. Na mfanyakazi ambaye kipato chake kinachotozwa kodi ni milioni 36 kwa mwaka, tayari NSSF imetolewa, analipa PAYE 8,736,000, ilhali mwenye milioni 3 halipi kitu, maana kiwango kisichotozwa kwa mwaka ni 3,240,000. Jedwali la mistari hii mitatu lina nguvu kuliko kurasa kumi za malalamiko.

Afisa makini atawajibu kwamba sheria inampa mfanyabiashara ruhusa ya kujitoa kwenye mfumo wa mauzo kwa kumwandikia Kamishna na kutozwa kwa faida. Ni kweli, na mkijifanya hamjui mtaonekana hamkusoma. Jibu lenu liwe hili: mwenye faida ya asilimia 5 hana pesa ya kumlipa mhasibu wa kumwandalia hesabu kamili, kwa hiyo ruhusa hiyo ipo lakini haimfikii. Kisha ombeni kitu mahususi: kiwango tofauti kwa biashara ya bidhaa za jumla zenye faida ndogo, wigo wake ukitambuliwa kwa stakabadhi za EFD (mashine za kielektroniki za kodi) za ununuzi na mauzo. Toeni na upande wa pili: huduma zenye faida kubwa zipande kiwango. Hili wanachama wenu wa saluni hawatalipenda. Limalizeni ndani ya kikundi kabla ya kutoka nje, kwa sababu pendekezo linalochukua tu bila kutoa huishia kwenye kabati.

Kampuni

Kodi ya kampuni ni asilimia 30 ya faida. Faida ikigawiwa kwa mwanahisa, gawio linakatwa asilimia 10 ya zuio. Kwa hiyo kwenye faida ya 100, kampuni inalipa 30, zilizobaki 70 zinakatwa 7, jumla 37. Kiwango cha juu cha mtu binafsi ni 30. Waandishi wengi wa mapendekezo huomba kodi ya kampuni ishuke hadi 20 kwa kuilinganisha na nchi fulani. Lakini 20 ya kampuni ikikaa kando ya 30 ya mshahara, kila mtaalamu mwenye mshahara wa milioni kadhaa atasajili kampuni na kumwomba mwajiri wake ampe mkataba wa huduma. PAYE yake inatoweka, SDL na NSSF zinakwenda nayo, na mwajiri anabaki na zuio la asilimia 5 tu la kukata. Kodi hizi tatu zimeunganika kama mitungi iliyotobolewa chini: ukipunguza maji ya mmoja, ya mwingine yanahamia humo. Kila pendekezo la kampuni liwe na aya inayosema litafanya nini kwa PAYE.

Kwa kampuni ndogo za mwambao, kinachosaidia zaidi kuliko kiwango ni uchakavu wa mali unaoruhusiwa kutolewa kwenye faida. Kompyuta na magari madogo hutolewa asilimia 37.5 kwa mwaka ya thamani iliyobaki. Magari makubwa na mitambo ya kiwanda 25. Samani na mali isiyotajwa kwingine 12.5. Chumba cha baridi cha kampuni inayonunua samaki soko la Deep Sea na kuwauza bila kusindika, kikiwa si mtambo wa kiwanda, huangukia hii ya mwisho. Kikigharimu milioni 20, mwaka wa kwanza kinatolewa 2,500,000, wa pili 2,187,500, wa tatu kama 1,914,000. Miaka mitatu imerudisha 6,600,000 tu, theluthi moja, na kwa hewa ya chumvi ya bahari mashine ya kupoozea ya miaka mitatu si mpya tena. Kikihamishiwa kwenye asilimia 37.5, mwaka wa kwanza kinatolewa 7,500,000, na miaka mitatu inafika kama 15,100,000. Kodi ya mwaka wa kwanza inapungua kwa 1,500,000.

Uzuri wa ombi hili ni kwamba Serikali haipotezi daima. Kinachotolewa mapema hakitolewi baadaye, kwa hiyo ni suala la wakati, si la msamaha. Lisemeni wazi, maana neno "msamaha" limechosha masikio ya Wizara.

Kuna na suala la makadirio ya awali, ambalo linawahusu watu binafsi wanaotozwa kwa faida vilevile. Mwenye mwaka wa hesabu wa Januari hadi Desemba hukadiria ifikapo 31 Machi na kulipa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Wavuvi na wanunuzi wao wanajua kwamba pesa ya kusi si pesa ya kaskazi, ilhali awamu huwa sawa. Sheria inaruhusu kurekebisha makadirio katikati ya mwaka, lakini ukikadiria chini ya asilimia 80 ya kodi halisi unatozwa riba. Ombi la kuruhusu awamu zisizo sawa kwa biashara za msimu halipunguzi kodi hata senti. Ni ombi jepesi, liwekeni.

Kuandika kifungu, na kupeleka

Kila pendekezo liwe na ukurasa mmoja, usizidi miwili. Juu: jina la sheria na kifungu. Kisha maneno ya sasa ya kifungu, yakinukuliwa neno kwa neno. Kisha maneno mnayotaka yasomeke badala yake. Kisha mfano mmoja wa shilingi, kabla na baada. Kisha kinachopotea na kinachofidia. Mkiwa na mapendekezo manane, chagueni matatu. Msinukuu makusanyo ya taifa msiyoyajua. Semeni "kwa kila mwajiri wa watu kumi wenye mshahara huu, kinachopungua ni 168,000 kwa mwezi", na Wizara yenye takwimu zote itazidisha yenyewe.

Muda una maana kuliko ufasaha. Wizara ya Fedha huanza kupokea mapendekezo ya kodi miezi mingi kabla ya bajeti ya Juni, kwa hiyo kazi ya orodha za mishahara ianze Agosti na karatasi ziwe tayari Oktoba. Zipitisheni kwa wenye mlango: chemba ya biashara, viwanda na kilimo ya mkoa, chama cha waajiri au shirikisho la viwanda ngazi ya taifa, na kwa PAYE, chama cha wafanyakazi pia. Pendekezo la PAYE lenye sahihi ya mwajiri na ya mfanyakazi kwenye karatasi moja ni adimu, na husomwa.

Kuna sababu ya kikatiba ya kuwahi. Ibara ya 99 ya Katiba haimruhusu mbunge kuleta bungeni muswada unaotoza au kubadilisha kodi, isipokuwa kwa kuipunguza, kama Rais hakupendekeza kupitia kwa Waziri. Maana yake ile sehemu ya fidia, kama kupandisha kiwango cha huduma zenye faida kubwa, haiwezi kuingizwa na mbunge wenu mwezi Juni. Ikikosa Wizarani, imekosa. Kinachowezekana Juni, Muswada wa Sheria ya Fedha ukiwa mbele ya Kamati ya Bunge ya Bajeti, ni kutetea, kurekebisha maneno na kupunguza.

Muswada ukichapishwa, msiridhike kuona jambo lenu limetajwa kwenye hotuba. Tafuteni kifungu chenyewe, muweke karakana yenu ya mafundi kumi ndani yake, mkokotoe. Neno "kinachozidi" likikosekana, ukingo umerudi. Angalieni na tarehe ya kuanza. Mabadiliko ya PAYE na SDL yakianza 1 Julai, mishahara ya Julai ndiyo ya kwanza, na ritani yake na malipo viko TRA ifikapo tarehe 7 Agosti. Mabadiliko ya kodi ya mwaka yanaweza kugusa mwaka wa mapato ulioanza Januari, kwa hiyo wenye makadirio yaliyokwisha kupelekwa Machi wayarekebishe kabla ya awamu ya Septemba.